Maji ya Kunawa

Jumamosi ile nilipika ugali wa watu watatu katika nyumba ambayo hakuna aliyekuwa anakula.

Usinicheke, nilijua ninachofanya. Zablon wangu alikuwa kwenye mfungo, siku ya ishirini na moja kati ya arobaini, na tangu asubuhi hadi jua lizame hapitishi kitu mdomoni. Mama yake, Mama Ruthu, ambaye huja kutoka Mvumi kila mwisho wa mwezi kumwona mwanawe, hakuwa ameonja hata maji ndani mwangu kwa miaka tisa, kwa sababu aliapa. Na mimi mwenye jiko, Bupe, nilikuwa na kansa iliyoanzia kwenye titi ikahamia kwenye ini. Tumbo langu lilikuwa linapokea vijiko vitatu, cha nne linakirudisha. Hata hivyo nilisonga ugali wa uwele, nikapika mlenda kwa karanga, nikavifunika vizuri juu ya meza. Nilikuwa na neno la kumwambia Zablon, na mimi neno zito huwa siwezi kulisema mikono mitupu.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Nililetwa Dodoma mwaka wa themanini na nne na mashine ya kupiga chapa: ofisi yetu ilihamishiwa huku, na sisi wapiga chapa tukahamia nayo. Wiki ya kwanza nililia kwa sababu ya vumbi. Wiki ya pili nililia kwa sababu ya upepo. Mwaka wa tatu akaja ofisini bwana mifugo mmoja mrefu, Mgogo wa Mvumi aliyesomea Mpwapwa, anataka kuchapiwa barua ya ng'ombe wenye ugonjwa wa midomo na miguu. Alisimama mbele ya meza yangu akanisomea barua yake polepole, na kila alipofika mwisho wa mstari alikuwa ananitazama. Barua ya ukurasa mmoja ilituchukua asubuhi nzima. Tangu siku hiyo sikulia tena kwa ajili ya Dodoma.

Kumbe Mama Ruthu alikuwa na msichana wake tayari kule Mvumi, binti wa kwaya, mpole, anayejua mlenda. Zablon alipompelekea habari za mtu wa Mbeya, yule mama hakupiga kelele. Alisema mbele ya ndugu wote, kwa sauti ya kawaida, "Siku nitakayokula cha mkono wa huyo mwanamke, iwe ndiyo siku yangu ya kufa." Zablon akaogopa kufunga ndoa bila baraka ya mama yake. Mimi nikaogopa kumpoteza Zablon. Tukapanga vyumba viwili Makole, tukawa tunaishi, tukisema tutangoja moyo wa mama ulainike. Mtoto hatukujaliwa. Mwaka mmoja ukawa tisa, na mama akawa anakuja na kigoda chake, na chupa yake ya chai, na viazi vyake ndani ya kapu. Anakaa mlangoni pangu, anakula vyake, anaondoka.

Kanisani nilikuwa nakaa benchi la nyuma. Wenzangu walipoinuka kwenda kupokea meza ya Bwana, mimi nilikuwa nabaki na watoto wadogo, kwa sababu mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa hapewi. Ndiyo kanuni, na sikuwahi kuibishia. Lakini iliniuma kila Jumapili, na nilipojua kwamba Jumapili zangu si nyingi, ikaniuma zaidi.

Hapo ndipo lilipokuwa neno langu.

Saa saba mchana Zablon alifunga duka lake la dawa za mifugo pale Majengo, jirani na kibanda nilichokuwa nauzia mitumba baada ya kupunguzwa kazini. Nilisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, uso ukamkunjana.

"Umepika," akasema.

"Nimepika."

"Bupe, si tulikubaliana upumzike? Nguvu za kusonga ugali umezitoa wapi?"

"Nilisonga kidogo, nikakaa. Nikasonga kidogo, nikakaa. Ingia ndani."

"Jua halijazama."

"Sijakwambia ule, nimekwambia uingie."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha pembeni, mbali na meza. Nilimtazama. Zablon alikuwa mwanamume wa kujaza mlango. Sasa shati lilikuwa linamning'inia mabegani na suruali ameifunga kwa kipande cha kamba. Macho yalikuwa yale yale tu. Ukimwona mtu amekonda hivyo ungedhani mgonjwa wa nyumba ile ni yeye, na wateja wawili walishawahi kumpa pole ya ugonjwa wake.

"Nataka unioe," nikasema.

Akatabasamu kidogo. "Nitakuoa. Nimeahidi mbele ya watu."

"Nataka unioe sasa. Sasa hivi, na ugonjwa wangu ndani yangu."

Tabasamu likamtoka. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, kisha akazifunga tena vile vile zilivyokuwa.

Lazima nikueleze habari ya ahadi hiyo. Mwaka jana, niliporudi kutoka kwenye upasuaji, ulikuja mkutano mkubwa wa injili uwanjani. Siku ya mwisho mhubiri aliuliza nani ana nadhiri. Zablon, mtu anayeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani, akapanda jukwaani akashika kipaza sauti. Akasema, "Bwana, mponye Bupe. Siku utakayomponya, nitamwoa madhabahuni, hata dunia nzima ikatae. Lakini mponye kwanza." Uwanja ukalia kwa shangwe. Mimi nilikuwa chini nimeshika mkoba wangu, najivunia na naogopa, maana nilimjua. Zablon akishasema neno halirudishi.

"Nilisema akuponye kwanza," akasema sasa, akitazama viatu. "Watu wote wale walisikia. Naye alisikia."

"Najua alisikia. Yeye si kiziwi."

"Nikikuoa leo nitakuwa nimemwambia nimechoka kungoja. Nitakuwa nimekufungia mlango kwa mkono wangu. Ni kama kuchukua jembe nikaanza kuchimba kaburi, nawe umekaa hapo unaniangalia."

"Zablon."

"Zimebaki siku kumi na tisa. Nimalize mfungo, halafu tutaona."

"Na ng'ombe wa watu je?"

Akainua uso. "Ng'ombe gani?"

"Wanaoletwa pale dukani. Nimekusikia mara ngapi kutoka kibandani kwangu. Mzee wa watu ametoka Hombolo kwa miguu, ng'ombe wake amelala, yeye analia. Wewe unamshika ng'ombe masikio, unamtazama macho, halafu unasema, mzee, huyu hatapona. Mpe majani mazuri, mfunge kivulini, usimpige sindano zaidi. Hujawahi kumdanganya mtu hata mmoja."

"Wewe si ng'ombe, Bupe."

"Ndiyo maana nastahili ukweli kuliko ng'ombe."

Akageuza uso mlangoni. Nje kulikuwa na mtu anatwanga, na ule mchi ukawa unatuhesabia wakati. Nilisogeza kiti changu hadi magoti yetu yakagusana. Nikaweka kiganja changu shingoni mwake, pale nywele zinapoishia, mahali ambapo nimezoea kumshika tangu tukiwa vijana. Palikuwa pa moto.

"Daktari wa Dar es Salaam aliniambia miezi, si miaka," nikasema. "Sikukuficha hilo. Lakini kuna jambo lingine sikukwambia, kwa sababu niliona utaumia. Unakumbuka ulivyonipokea stesheni? Ulidhani utanikuta nimelia."

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Nikadhani wamekwambia umepona."

"Usiku kucha nililia ndani ya treni. Kilosa nalia, Kidete nalia, mpaka abiria mwenzangu akahama kiti. Asubuhi tukasimama Gulwe muda mrefu, sijui walikuwa wanangoja nini. Dirishani akaja mama mmoja anauza karanga za kukaanga. Nikanunua, ili mikono ipate kazi tu. Nikatia moja mdomoni, Zablon, ikawa tamu. Nilikuwa nina mwezi sijaonja ladha ya kitu. Nikala nyingine. Jua lilikuwa linatoka juu ya vilima vya Mpwapwa na lile vumbi lenu lote limekuwa jekundu. Nikajiuliza, Bupe, unalilia nini saa hii? Saa hii unakula karanga. Nikatafuta hofu yangu nilikoiacha, sikuiona. Nikasema asante. Sikuomba kitu, nilisema asante tu, nikaendelea kula karanga mpaka Dodoma."

Zablon alikuwa ananisikiliza kwa macho, kama anavyofanya siku zote.

"Tangu siku hiyo siombi kuponywa," nikamalizia. "Kikundi cha maombi niliwaomba waache. Walisema sina imani. Labda. Lakini nalala usingizi."

"Umekata tamaa," akasema, na sauti ikakatika katikati.

"Sijakata tamaa. Nimeacha kugombana. Ni vitu viwili."

"Mimi sijaacha. Mimi siwezi kuacha, Bupe. Nikiacha nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi, kwa siku zilizopo. Sasa hivi hunazo hata hizo. Kutwa unafunga, usiku unakesha ukiomba chumba cha pili, na mimi nimelala peke yangu upande huu nasikiliza jina langu likitajwa kwa Mungu. Ningependa ulitaje kwangu. Nataka nikae benchi la mbele na wewe mara moja. Nataka tuinuke pamoja, tupige magoti pamoja, tupokee, turudi tukae. Baada ya hapo lije lolote."

Akaangusha kichwa chake mapajani mwangu, akalia. Mwanamume mtu mzima, mabega yanamtikisika, na mimi nikawa nampapasa mgongo, nahesabu mifupa. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya barua. Na nilikuwa nimemkasirikia vile vile, nisiseme uongo.

"Siwezi," akasema ndani ya kanga yangu. "Nisamehe. Siwezi kulivunja."

Ndipo tukasikia mtu akikohoa mlangoni.

"Mbukwenyi," ikasema sauti ya Mama Ruthu, kwa salamu ya kwao.

"Mbukwa, mama," Zablon akaitikia, akiinuka upesi na kujifuta uso kwa mkono wa shati.

Alikuwa amesimama pale na kapu lake na kigoda chake, amejitanda kitenge cha buluu, vumbi la safari liko mpaka kwenye nyusi. Sikujua amesimama kwa muda gani. Nilipotazama miguu yake nikaona ameshavua ndala, na mtu aliyefika sasa hivi hawi ameshavua ndala.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

Kwa kawaida baada ya marahaba huwa anamgeukia mwanawe na mimi nakuwa sipo. Akakiweka kigoda palepale anapokiweka siku zote, nusu ndani nusu nje. Akatoa chupa ya chai kwenye kapu, akaiweka sakafuni, ila hakuifungua. Akaitazama, kisha akanitazama mimi usoni. Miaka tisa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza nayaona macho yake vizuri. Yalikuwa macho ya Zablon.

"Hayo ya treni," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Hofu ilikutoka?"

"Ilinitoka. Huwa inarudi, hasa maumivu yakizidi. Lakini siku hizi haikai, inapita."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi yangu haijanitoka."

Zablon akamsogelea. "Mama, unaumwa?"

"Kaa chini, baba. Nazungumza na huyu." Akashika pindo la kitenge chake akawa analikunja na kulikunjua. "Mwaka mzima sijalala. Ile siku, wewe hukuwepo, lakini najua walikusimulia. Nilitaja kifo kwa kinywa changu. Nilidhani nakiweka juu ya kichwa changu mwenyewe, na mimi ni mtu mzima, mume wangu yuko kaburini, kwangu si kitu. Waliponiletea habari kwamba unaumwa, na ugonjwa wenyewe ndio huo, nikasema, Ruthu, ulikiita, kikaja, kikakosea mlango."

Zablon akakaa chini. Nje, yule anayetwanga alikuwa ameacha.

"Nimekwenda kwa mchungaji wenu, Bartolomayo, mara tatu nimweleze," akaendelea. "Mara zote tatu nimeishia kumsalimia na kumuuliza hali ya mbuzi wake."

Sasa nitakwambia ukweli ambao hata Zablon sijamwambia. Lilinijia wazo. Miaka tisa ya chupa ile ya chai mlangoni pangu, ya majirani kuniuliza mbona mama mkwe hali, ya kupika kila mwisho wa mwezi na kumwaga, yote ilinirudia kwa mpigo. Ningeweza kunyamaza tu. Kunyamaza kungetosha, angeondoka na mzigo wake mpaka Mvumi, na angeubeba hata baada ya mimi kuzikwa. Nafuu yake ilikuwa mkononi mwangu, na nilipata raha kidogo ya kuwa nayo.

Halafu nikaona vidole vyake kwenye lile pindo. Vilikuwa vimelishika kama mimi nilivyoshika mkoba wangu uwanjani.

"Mama," nikasema, "mama yangu mdogo kule Tukuyu alikufa kwa ugonjwa huu huu, titi hili hili la kushoto, nikiwa darasa la tano. Shangazi wa mama yangu naye hivyo hivyo. Hawakukujua. Hawakuwahi hata kuliona vumbi la Dodoma. Ugonjwa huu nimezaliwa nao, umekuja kizazi kwa kizazi. Haukupitia mdomoni mwako."

"Unanihurumia."

"Sijawahi kukuhurumia miaka yote hii, nianze leo?"

Kidogo acheke. Akajizuia.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Na kama ni mimi?"

"Kama ni wewe, nilishakusamehe Gulwe, pamoja na wengine wote. Ila nilisahau kukwambia."

Mama Ruthu akafunika uso kwa kitenge. Hakulia kwa sauti. Alikaa ndani ya kile kitenge muda mrefu, na alipokiondoa alionekana mdogo kuliko alivyoingia. Akamgeukia mwanawe.

"Nawe, baba. Niliyoyasikia hapo mlangoni ndiyo yenyewe? Umemwambia Mungu amponye kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na unafunga."

"Siku arobaini."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuapa," akasema mama. "Hukujifunza kwa mtu mwingine. Basi sikiliza, maana katika jambo hili mimi nina ujuzi. Miaka tisa nimekunywa chai ya chupa, imepoa. Nimekula viazi mlangoni kwa mwanangu kama mpita njia. Hata siku moja Mungu hakunitokea akaniambia, Ruthu, umefanya vizuri kutokula kwa yule mwanamke. Alininyamazia tu."

"Mama, nikivunja, halafu Bupe akafa?"

"Atakufa," mama akasema.

Zablon alishtuka. Mimi sikushtuka. Lilikuwa neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisema ndani ya vyumba vile viwili, na lilipotua niliona hata kifua changu kinavuta hewa vizuri zaidi.

"Atakufa, hata usipovunja. Na mimi nitakufa, na wewe. Baba yako alipolala kitandani nilinuia kumfungia siku saba kavu, bila chakula wala maji. Nilikuwa nawe mgongoni. Alikufa siku ya tano. Unajua nakumbuka nini cha siku ile? Aliniomba nimgeuze, alikuwa ameumia ubavu kwa kulalia upande mmoja. Nikajaribu, nikashindwa. Njaa ilikuwa imenimaliza. Nikamwambia angoje kidogo nimwite shemeji, na kabla shemeji hajafika alikuwa ameshakwenda. Nilikuwa nimeolewa na mtu yule miaka sita, naye alitaka kitu kimoja tu mwishoni, nami sikuwa na mikono ya kumpa." Akapumua. "Huyu atakapotaka kugeuzwa, baba, nani atamgeuza? Kwa mikono hiyo?"

Zablon akaitazama mikono yake. Aliiweka magotini, viganja juu, akawa anaitazama kama vitu alivyoviokota njiani.

Mimi niliegemea kiti. Nilikuwa nimechoka, na ule ugali juu ya meza ulikuwa unapoa chini ya sahani yake. Nikawaza, nitaumwaga tena leo. Nikawaza, si neno.

Mama Ruthu akainuka. Akachukua kigoda chake, akakivusha kizingiti, akakileta hadi mezani. Akakaa. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka kwenye viwiko.

"Maji ya kunawa yako wapi?" akauliza.

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani anataka kunawa vumbi la safari. Halafu nikaona ameinua kifuniko cha mlenda, anaangalia ndani.

"Mama, kiapo chako," Zablon akasema.

"Nimeuliza maji."

Nikasimama. Jagi lilikuwa kwenye stuli karibu na mtungi, na beseni chini yake. Nililijaza nusu, maana zima nisingeliweza. Kumnawisha mama wa mume ni kazi ya kwanza anayopewa mke mgeni, siku anayoingia. Wasichana wa huku huifanya wakiwa na miaka kumi na minane, na mashangazi wanawatazama kama watamwaga. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita na sikuwa nimewahi kuifanya. Nikapiga magoti mbele yake. Beseni nikaliweka sakafuni, jagi nikalishika kwa mikono miwili, na bado likaniinamia kabla ya wakati. Maji yakaruka yakamlowesha mapajani.

Zablon akainuka haraka. "Leta nikusaidie."

"Mwache," mama yake akasema. "Hiyo ni kazi ya mkwe wangu."

Nikamimina. Alinawa polepole, kidole kimoja kimoja, mgongo wa kiganja, kifundo, kama mtu mwenye muda wote wa duniani, na hakuondoa mikono mpaka jagi lilipobaki tone. Kisha akanishika kiwiko akaniinua, na hapo ndipo nilipojua nguvu za wanawake wa Mvumi.

Nikajaza tena. Nikamgeukia Zablon. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, na jua la saa nane lilikuwa limejaa mlangoni nyuma yake.

"Bupe," akasema. Jina langu tu. Alinitajia mimi.

"Mikono yako," nikamwambia.

Alifumba macho. Niliona midomo yake ikisogea. Nadhani alikuwa anaomba radhi huko juu, na nilimpa nafasi, nikangoja na jagi langu. Machozi yakamtoka chini ya kope. Halafu, akiwa bado amefumba, akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni. Nikammiminia. Maji yalipomgusa alifumbua macho, akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya barua mwishoni mwa mstari. Sikuona haya kwa sababu ya mama yake. Nilimtazama na mimi.

Tukakaa watatu kuizunguka sahani moja. Mama akakata tonge, akalifinyanga, akalichovya kwenye mlenda. Alilishika karibu na mdomo kwa muda, na nikajua anakumbuka maneno yake ya miaka tisa, na kwamba bado anaogopa. Akalitia mdomoni. Akatafuna, akameza. Mimi na Zablon tulikuwa tunamwangalia bila kupumua.

"Chumvi imezidi," akasema.

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile. Nikacheka mpaka ubavu ukaniuma, Zablon akacheka, na yule mama akakata tonge la pili akiwa anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli juu ya mlenda wangu. "Na karanga hukuzikaanga vya kutosha. Kesho nitapika mimi, uangalie."

"Kesho utakuwepo, mama?" Zablon akauliza. Huwa anarudi na gari la jioni.

"Kesho si Jumapili? Nitaongea na Bartolomayo baada ya ibada, na safari hii sitamuulizia mbuzi. Atawatangaza." Akasukutua kinywa kwa maji ya kikombe changu, maji ya mtungi wangu, kisha akanigeukia. Sauti yake ikashuka. "Ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Unazo Jumapili tatu, mwanangu?"

Nilijisikiliza mwilini kwanza, kwa sababu swali kama lile halijibiwi kwa kubahatisha. Nikausikiliza ubavu, nikaisikiliza miguu, nikausikiliza mkono wa Zablon uliokuwa umeshika wangu chini ya meza, bado una maji.

"Ninazo, mama."

"Basi kula."

Nikala.